Daktari Aliyejidunga Juisi ya Makende ya Mbwa Akiwa na Miaka 72: Maisha ya Brown-Séquard

Tarehe 1 Juni 1889, mzee wa miaka 72 alisimama mbele ya wanasayansi wenzake jijini Paris akawaambia kitu kilichofanya wasee waangaliane. Kwa wiki kadhaa alikuwa anajidunga sindano. Ndani ya hiyo sindano kulikuwa na maji, damu ya mishipa ya makende, shahawa, na juisi iliyokamuliwa kutoka makende ya mbwa na ya vile vinyama vya maabara vinavyofanana na panya mnene asiye na mkia. Na kwa maneno yake mwenyewe, mzee alikuwa anaskia poa sana.

Huyu hakuwa mganga wa mtaani. Charles-Édouard Brown-Séquard alikuwa profesa wa Collège de France, kazi aliyoipata 1878 baada ya Claude Bernard, jina kubwa kabisa la sayansi Ufaransa, kuaga.

Kama unakaa Kitui ama Makueni, lazima umeona wale majamaa wa siku ya soko, spika juu ya meza, chupa zimepangwa, wanakuambia testosteroni yako imeisha. Hiyo biashara ina babu. Na babu mwenyewe ni mtoto wa Bahari Hindi, upande wetu huu.

Alizaliwa Port Louis, Mauritius, 8 Aprili 1817. Buda yake alikuwa Mmarekani, nahodha wa meli, na alipotelea baharini kabla kijana hajazaliwa. Mathe, wa ukoo wa Séquard wenye asili ya Kifaransa, alibaki akishona nguo za watu ndio wakule. Kijana alimpenda huyo mama hadi baadaye akaunganisha jina lake na la baba.

1838 wakahamia Paris wote wawili. Ndoto ya dogo haikuwa udaktari hata kidogo, alitaka kuwa mwandishi. Akampelekea kazi yake Charles Nodier, mwandishi mwenye jina, naye akamshauri atafute hustle ingine. Ndio akaingia udaktari, akamaliza 1846, akiwa hana ganji. Enyewe kuna wengi wetu tungetaka kukataliwa hivyo.

Kitu kimoja alikuwa nacho ni wazimu wa kujijaribu mwenyewe. 1854 alikuwa amerudi Mauritius kipindupindu kikaingia kisiwani. Akatibu watu, halafu, shika tumbo, akameza matapishi ya wagonjwa ndio ajiambukize, kisha akanywa dawa ya afyuni kuona kama itamsaidia. Alikaribia kufa. Mwaka huohuo akavuka kwenda Virginia, Marekani, kufundisha, na huko inasemekana alijipaka vanishi mwili mzima ndio ajue ngozi ina kazi gani, akapatikana amezirai.

Lakini usimcheke sana. Ni yeye aliyeonyesha jinsi mishipa ya uti wa mgongo inavyovuka upande mmoja kwenda mwingine. Hadi leo mtu akidungwa kisu mgongoni, mguu mmoja ukapooza na ule mwingine ukapoteza kuskia maumivu na joto, daktari anaandika jina la Brown-Séquard kwenye faili. 1856 akaonyesha tena kwamba mnyama akitolewa tezi zilizo juu ya figo anakufa. Alifanya kazi London, akafundisha Harvard, akavuka Atlantiki mara nyingi sana.

Sasa wazo la makende lilitoka wapi? Mkulima wa Makueni anayelima na maksai analijua bila kusoma. Fahali akihasiwa anatulia na hapigani tena. 1849 huko Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alikuwa amefanya hivyo na majogoo. Aliwatoa makende, kishungi kikanywea, wakaacha kuwika. Wengine akawarudishia kende moja tumboni, bila kuunganishwa na mshipa wowote wa fahamu, na hao wakaendelea kuwa majogoo kamili. Maana yake kuna kitu kilikuwa kinapitia kwa damu. Brown-Séquard akaenda hatua moja mbele. Kama kitu hicho kiko kwa damu, na mzee anachoka kwa sababu kimepungua, si tukirudishe na sindano?

Na akapima matokeo, hapo ndipo alikuwa tofauti na wa spika. Nguvu za mkono alizipima kwa mashine, akasema zimepanda karibu kilo 6. Alikuwa akipanda ngazi mbio, akifanya kazi hadi usiku. Alipima hata umbali mkojo unafika, akadai umeongezeka robo. Alipoacha sindano, baada ya kama mwezi uchovu ukarudi.

Habari ikalipuka. Agosti mwaka huohuo magazeti ya Marekani yaliandika kuwa Pud Galvin, mrushaji wa besiboli wa Pittsburgh, amedungwa hiyo kitu kabla ya mechi. Brown-Séquard na mwenzake d'Arsonval walikuwa wakiwapa madaktari juisi bure, lakini matapeli wakaanza kuuza zao. Mzee alikasirika sana, na hakuna aliyemskiza.

Shida ni kwamba haikuwa inafanya kazi. Makende hutengeneza testosteroni lakini hayaiweki stoo, inaenda kwa damu moja kwa moja. Tena hii homoni inapenda mafuta, si maji, na yeye alikamua na maji. 2002 watafiti wa Australia walirudia njia yake na makende ya mbwa, wakapima, wakapata kiasi kidogo sana kisichoweza kumsaidia mtu. Zile kilo 6 zilitoka kwa imani. Daktari mwenye akili hivyo, mwenye mashine ya kupimia, alidanganywa na mwili wake. Sasa wewe unayeskia umeamka siku mbili baada ya kununua chupa ya stage, unapima na nini?

Wa siku hizi angalau tuko na maabara, lakini karatasi nayo inachanganya watu. Msee anapata 15, anagoogle, anaona watu wa majuu wakisema chini ya 300 ni noma, anaanza kulia. Angalia kipimo kilichoandikwa kando ya namba. 15 kwa nmol/L ni karibu 430 kwa ng/dL, uko sawa kabisa. Damu itolewe asubuhi, kabla ya saa nne, maana jioni homoni inashuka yenyewe. Ukitolewa ukiwa na malaria ama umekesha, namba itakuwa chini bila shida yoyote ya kudumu. Ikitoka chini, rudia siku ingine kabla mtu hajakuandikia dawa. Na uliza LH, ile homoni ya ubongo inayoamrisha makende. LH ikiwa juu na testosteroni chini, shida iko kwa makende. Zote zikiwa chini, daktari aanze kuangalia ubongo, uzito, dawa unazomeza.

Kupandisha bila sindano? Kwanza lala. 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwanyima vijana 10 usingizi, saa tano tu kwa usiku, wiki moja, na testosteroni ya mchana ikashuka asilimia 10 hadi 15. Sasa fikiria mtu wa bodaboda Mwingi anayetafuna muguka hadi alfajiri. Kitambi nacho, mafuta yake hugeuza testosteroni kuwa homoni ya kike, kwa hivyo kukipunguza kunasaidia kuliko chupa yoyote. Punguza pombe. Ndengu na nzuu zina zinki, kula, lakini kama hukuwa na upungufu usitarajie miujiza.

Brown-Séquard alifariki Paris, 2 Aprili 1894. Hakuona mwisho wa stori. 1891 daktari Mwingereza, George Murray, alikuwa ametibu mgonjwa kwa juisi ya tezi ya shingo ya kondoo, na hiyo ikafanya kazi kweli. 1935 ndipo kikundi cha Ernst Laqueur, Amsterdam, kilipotoa testosteroni yenyewe. Kilo 100 za makende ya fahali zilitoa miligramu 10 tu. Mwaka huohuo wengine wakaitengeneza maabara.

Hiyo ya kweli ndiyo baadhi ya vijana wa gym wanajidunga sahi bila daktari. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwa damu, unakata LH, makende yanasinyaa na mbegu zinaweza kufika sufuri. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu kama njia ya wanaume kupanga uzazi, na ilizuia mimba vizuri sana. Ukiacha, mbegu huchukua miezi kurudi, wengine hupita mwaka.