Bessie Coleman na Kifaransa cha Kuombea Shule

Mwaka jana nikiwa field kwenye shule moja ya kata, msichana wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi akaniuliza kama mtu ambaye Kiingereza kinampiga chenga anaweza kuwa rubani. Nilimjibu haraka haraka kwamba akazane tu, atafika. Lilikuwa jibu la mtu anayewahi daladala, na limenisumbua mpaka leo, maana urubani una mlango wa lugha kweli, tena mlango wenyewe si mdogo.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lina vipimo vya lugha vyenye ngazi sita. Rubani wa safari za kimataifa lazima afike walau ngazi ya nne. Anapimwa matamshi, sarufi, msamiati, mtiririko wa kuongea, kuelewa na kujibizana. Akiwa ngazi ya nne anapimwa tena baada ya miaka mitatu, ngazi ya tano baada ya miaka sita, na wa ngazi ya sita harudii. Na sababu ipo. Mwaka 1977, pale Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa, na mojawapo ya yaliyochangia ni maneno ya redioni ambayo huyu alikuwa na maana yake na yule akaelewa kivyake. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba mlango huo ni uonevu.

Ila nilipaswa kumsimulia yule msichana habari za Bessie Coleman.

Alizaliwa Januari 1892 katika mji wa Atlanta, siyo ule mkubwa unaousikia, bali mji mdogo wa jimbo la Texas, Marekani. Alikuwa mtoto wa kumi kati ya kumi na watatu. Wazazi wake walikuwa wakulima, na baba yake alikuwa na damu ya wenyeji wa asili wa Amerika. Familia ilihamia Waxahachie, nako baba akachoshwa na ubaguzi wa Texas, akaondoka kwenda Oklahoma mwaka 1901. Mama akabaki na watoto. Bessie alitembea kilomita zaidi ya sita kwenda shule ya chumba kimoja ya watoto weusi, na msimu wa pamba ulipofika shule ilisimama, watu wakaingia shambani. Hesabu zilikuwa zake.

Mwaka 1910 alichukua akiba yake yote akaenda chuo cha watu weusi pale Langston, Oklahoma. Alimaliza muhula mmoja, hela ikakata. Hakudisko, tuelewane. Alikuwa anafaulu, ila bumu halikuwepo enzi hizo, akarudi nyumbani kufua nguo za watu. Wangapi tumeanza nao mwaka wa kwanza na leo hatuwaoni kwa sababu hiyo hiyo?

Alipofika miaka ishirini na tatu alienda Chicago kwa kaka zake. Akapata kazi kwenye saluni ya kiume, akikata na kusafisha kucha za wateja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha, kaka zake wawili walirudi kutoka Ufaransa, na mmoja wao, John, alipenda kumtania kwamba wanawake wa kule wanarusha ndege wakati wa huku wanashika kucha za watu. Utani wa kaka. Yeye akauchukua kama taarifa.

Akaanza kuomba shule za urubani za Marekani. Zote zikamkatalia, kwa sababu ni mweusi na kwa sababu ni mwanamke. Hapa nawaomba wanachuo wenzangu tutulie kidogo. Lugha ya shule zile ilikuwa Kiingereza, na Kiingereza ndicho alichozaliwa nacho. Kama lugha ndiyo ingekuwa kizuizi, angepita bila kupimwa. Alikwama kwenye sharti ambalo hakuna mtu anayeweza kulisomea usiku akalifaulu asubuhi.

Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri ajifunze Kifaransa aende Ufaransa. Na hapo ndo pananigusa mimi ninayesomea ualimu. Mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliyekula muhula mmoja wa chuo, anatoka kazini na kwenda darasa la Kifaransa kwenye shule ya lugha ya Berlitz mjini Chicago. Hajifunzi ili afaulu somo. Anajifunza ili aweze kuandika barua ya maombi, kisha aelewe mkufunzi anaposema kitu ambacho ukikosea unakufa. Sisi wengi tulitoka shule za msingi za Kiswahili, tukakutana na Kiingereza kidato cha kwanza kwenye kila somo kwa mpigo, na hakuna aliyetuambia ni cha kuingilia wapi. Tulikiogopa kwa sababu tulikutana nacho kama adhabu. Nimewahi kusimama nje ya darasa na kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Sikujifunza Kiingereza siku hiyo, nilijifunza kunyamaza.

Wapo wanaosimulia maisha ya Bessie kana kwamba alifika Ufaransa kwa juhudi zake tupu. Si kweli. Akiba yake haikutosha. Abbott alimsaidia, na Jesse Binga, mwenye benki, naye akachangia. Novemba 1920 akapanda meli New York.

Hata Ufaransa haikumpokea moja kwa moja. Mwishowe alikubaliwa na shule ya ndugu wa Caudron, pale Le Crotoy, mji mdogo wa kaskazini kwenye mdomo wa mto Somme. Ndege waliyofundishiwa ilikuwa Nieuport ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, mbao na kitambaa. Injini iliponguruma hapakuwa na mazungumzo. Mwanafunzi alifuatisha mkono wa mkufunzi kwenye usukani. Maana yake kila kitu kilipaswa kueleweka chini, kabla ya kuruka, kwa Kifaransa. Akiwa kule alishuhudia mwanafunzi mwenzake akifa katika ajali. Aliendelea.

Mtihani wenyewe haukuwa wa karatasi. Ulitaka uruke, uchore namba nane angani, kisha uzime injini na utue karibu na alama iliyowekwa. Tarehe 15 Juni 1921 alipata leseni ya shirikisho la kimataifa la urubani, FAI, leseni inayotambuliwa duniani. Alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kuipata. Kwenye leseni ile mwaka wa kuzaliwa umeandikwa 1896, alijipunguzia minne. Nilicheka nilipoisoma hiyo, nikampenda zaidi.

Miaka iliyofuata alirudi tena Ulaya kuongeza mafunzo, kisha akawa anafanya maonyesho ya angani Marekani. Mwaka 1923 alianguka kule California akavunjika mguu na mbavu. Alipopanga onyesho Waxahachie, kwao, waandaaji walitaka weusi na weupe waingie kwa milango tofauti. Akakataa kuruka mpaka mlango uwe mmoja. Walikubali hilo, ingawa ndani waliketishwa mbalimbali.

Hela za maonyesho na mihadhara alizikusanyia jambo moja: kufungua shule ya urubani ambayo mtu mweusi angeingia bila kuvuka bahari wala kujifunza lugha ngeni. Hakuifungua. Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida, alipanda ndege kuukuu na fundi wake, William Wills, ambaye ndiye aliyekuwa akiirusha. Bessie hakufunga mkanda, alitaka kuchungulia uwanja ambao angeurukia kwa parachuti siku iliyofuata. Spana iliyosahauliwa ilinasa kwenye mitambo ya kuongozea, ndege ikapinduka, akadondoka. Wills alianguka nayo. Bessie alikuwa na miaka 34. Mwaka 1929 William Powell alianzisha Los Angeles klabu ya urubani yenye jina la Bessie, na watu weusi wakajifunza kuruka humo.

Wiki ya mwisho ya field nilimtafuta yule msichana nikamsimulia haya yote, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Nilimwambia pia habari ya ngazi sita, sikumficha. Hakuuliza chochote kuhusu ndege. Aliuliza lile darasa la Kifaransa lilikuwa saa ngapi, na kama aliweza kulipa kidogo kidogo.