Martinus Beijerinck

Martinus Willem Beijerinck (Amsterdam, 16 Machi 1851 – Gorssel, 1 Januari 1931) alikuwa mwanabiolojia wa Uholanzi. Anakumbukwa hasa kwa kutambua mwaka 1898 kwamba virusi si bakteria wadogo, bali ni kitu kingine kinachoongezeka ndani ya seli hai tu.

Maisha

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku aliyefilisika. Beijerinck alisoma kemia huko Delft, akapata udaktari Leiden mwaka 1877, akafundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen. Hapo mwenzake Adolf Mayer alikuwa akichunguza ugonjwa wa batobato wa tumbaku. Beijerinck naye alitafuta bakteria wanaousababisha, asiwapate.

Mwaka 1885 aliajiriwa na kiwanda cha hamira na alkoholi cha Delft. Hukohuko, mwaka 1888, alitenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mimea jamii ya kunde. Mwaka 1895 akawa profesa Delft hadi 1921. Hakuoa, na kwa wanafunzi alikuwa mkali mno.

Virusi

Akiwa profesa alirudia swali la Wageningen. Alikamua majani yenye batobato, akapitisha maji yake katika chujio la kauri lisilopitisha bakteria. Maji hayo bado yaliambukiza. Dmitri Ivanovsky wa Urusi alikwisha kuliona hilo mwaka 1892, lakini aliendelea kudhani ni bakteria au sumu yao. Beijerinck aliambukiza mmea kwa tone dogo, kisha kwa maji ya mmea huo akaambukiza mwingine, na mwingine tena, bila nguvu kupungua. Sumu ingalizimuka ikaisha. Kumbe kitu hicho kiliongezeka, na kiliongezeka katika sehemu changa za mmea zilizokuwa zikikua, si penginepo.

Alikosea jambo moja kubwa: alidhani ni kimiminika hai. Mwaka 1935 Mmarekani Wendell Stanley alikipata katika umbo la fuwele.

Lilibaki swali la kile ambacho virusi hutumia ndani ya seli. Jibu moja lilitoka kwenye hamira, ambayo Beijerinck aliifanyia kazi miaka kumi kiwandani. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, walionyesha kwamba RNA ya virusi vya batobato vya nyasi hujinakili ndani ya hamira ya mikate, mradi hamira itengeneze pia protini za virusi hivyo. Kwa kuwa jeni za hamira huzimwa kwa urahisi mojamoja, watafiti waliweza kutambua zile ambazo virusi huzitegemea.