Ibn al-Nafis na safari ya damu mapafuni

Wengi wetu tuliopita shule tulifundishwa kwamba mzunguko wa damu uligunduliwa na Mwingereza William Harvey, mwaka 1628. Sina ugomvi na Harvey, kazi yake ni kubwa. Lakini safari ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi ilikwishaelezwa kwa Kiarabu karibu karne nne kabla yake, na aliyeieleza ni Ibn al-Nafis.

Alizaliwa Sham mwanzoni mwa karne ya 13, akasomea utabibu Damascus, kisha akahamia Cairo. Huko alikuwa tabibu mkubwa na pia mwalimu wa fiqhi ya Kishafii. Hilo la fiqhi nalitaja makusudi, kwani wapo kati yetu wanaodhani kijana akiingia maabara ameihama madrasa.

Mwaka 1242, akiwa na umri wa miaka kama 29, aliandika sharh ya yale aliyoyaeleza Ibn Sina katika Qanun kuhusu viungo vya mwili. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walishika kauli ya Galen, Mgiriki, kwamba damu hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kupitia vitundu vilivyomo katika ukuta wa kati. Ibn Sina naye alifuata njia hiyo. Ibn al-Nafis akakataa. Ukuta ule ni mzito, hauna vitundu, vinavyoonekana wala visivyoonekana. Basi damu haina budi kupita kwenye mshipa hadi mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irejee upande wa kushoto. Fikirini uzito wake: anamfafanua Ibn Sina, na katika kurasa zilezile anamkosoa!

Si kwamba alipatia yote. Na aliandika kuwa sharia na huruma vilimzuia kupasua maiti, jambo ambalo wasomi wanalibishania mpaka leo.

Alifariki Cairo mwaka 1288, akaiachia hospitali ya Sultan Qalawun nyumba yake na vitabu vyake. Muhtasari wake wa Qanun ulinakiliwa na kusomeshwa sana, ila hoja ya mapafu wachache waliijali. Mwaka 1924 ndipo daktari wa Kimisri aliyekuwa masomoni Ujerumani, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoifufua. Mswada alioutumia hakuupata Cairo wala Damascus. Aliukuta katika maktaba ya Berlin.