Takács: Guruneti lilichukua mkono wa kulia, wa kushoto ukabeba dhahabu mbili

MWAMBIE straika mwenye mguu mmoja wa kazi apige penalti kwa ule mwingine. Atacheka, halafu atakataa. Sasa fikiria bingwa aliyelazimika kuhamia upande wake mbovu jumla, bila nafasi ya kurudi.

Huyo ni Károly Takács, mlenga shabaha wa bastola kutoka Hungaria. Alizaliwa Budapest mwaka 1910, akaingia jeshini, na kufikia 1936 alikuwa mmoja wa wakali wa mchezo huo duniani. Lakini Olimpiki ya Berlin mwaka huo hakwenda. Kisa? Alikuwa sajenti, na kanuni ya jeshi lao iliruhusu maofisa wenye kamisheni tu. Yaani unawekwa benchi kwa sababu ya cheo, siyo kiwango.

Baada ya Berlin kanuni hiyo ikaondolewa. Jamaa akaanza kuiwinda Olimpiki ya 1940.

Ukafika mwaka 1938. Wapenzi wa soka wanaujua kama mwaka ambao Hungaria ilifika fainali ya Kombe la Dunia na kulala 4-2 mbele ya Italia. Kwa Takács ulikuwa mbaya zaidi. Akiwa kwenye mazoezi ya jeshi, guruneti lenye hitilafu lilimlipukia mkononi. Mkono wa kulia, ule wa bastola, ukaenda.

Hapo elewa kitu kimoja kuhusu mchezo huu. Kila unapovuta kifyatulio unaruhusu mlipuko kwenye kiganja chako. Risasi lazima ikae sawasawa ndani ya chemba. Ikiwa na nafasi ya ziada hata ya unene wa karatasi mbili tatu, inaweza kugoma, au ganda likapasuka na gesi ya moto ikamrudia mpigaji. Ndiyo maana walengaji hukagua silaha na risasi zao kila mara. Wanaishi kwa kuviamini vifaa. Takács alishaumizwa na kifaa kibovu. Angeacha, nani angemlaumu?

Alilazwa hospitali mwezi mmoja. Alipotoka akaanza kujifua kwa mkono wa kushoto, kimya kimya. Mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya ubingwa wa taifa. Wenzake wakamfuata kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwatazama. Akawajibu kwamba amekuja kushindana nao. Akashindana, akabeba ubingwa.

Kisha vita. Olimpiki ya 1940 ikafutwa, na ya 1944 nayo ikafutwa. Miaka ikakatika bila jukwaa.

London 1948, akiwa na miaka 38, hatimaye akapata nafasi. Shindano lake ni la kasi: shabaha tano, risasi tano, kwanza kwa sekunde nane, kisha sita, mwisho nne. Jumla risasi 60. Bingwa wa dunia, Carlos Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, alimuuliza amefuata nini London. Takács akasema amekuja kujifunza. Akamaliza na pointi 580 kati ya 600, rekodi mpya ya dunia. Muargentina, aliyepata fedha, akakiri kwamba mwanafunzi huyo amejifunza vya kutosha.

Helsinki 1952 akarudia. Safari hii ilikuwa jasho: pointi 579, moja tu mbele ya kijana aliyemfundisha mwenyewe, Szilárd Kun. Akawa mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya shindano hilo. Na kwenye Olimpiki hiyohiyo, timu ya soka ya Hungaria iliichapa Yugoslavia 2-0 fainali, bao la kwanza likifungwa na Ferenc Puskás, fundi wa mguu wa kushoto. Puskás alizaliwa nao. Takács wa kwake aliutengeneza.

Melbourne 1956, akiwa na miaka 46, alimaliza wa nane. Alifariki Januari 1976.

Wikiendi hii ukiona winga anakata ndani na kupoteza nafasi kwa kukwepa mguu wake mbovu, mkumbuke sajenti huyo. Yeye alianza upya akiwa na miaka 28, na akasubiri kumi mingine kulipwa.