Lewis Fry Richardson: Mwanasayansi aliyechapisha jibu lililokosea

Huko Masoro, jijini Kigali, chuo cha Carnegie Mellon Afrika hufundisha vijana wa mataifa mengi uhandisi na teknolojia ya habari. Yeyote kati yao atakayeandika programu ya kuiga mwenendo wa mvua atapita katika njia iliyofunguliwa na Lewis Fry Richardson, Mwingereza aliyezaliwa Newcastle upon Tyne tarehe 11 Oktoba 1881.

Richardson aliamini kwamba hali ya hewa yaweza kutabiriwa kwa milinganyo ya fizikia. Kompyuta hazikuwapo, hivyo aliigawa anga katika miraba, akatayarisha fomu 23 za kujazwa kwa mkono. Kila fomu ilikuwa na kazi yake, ili mtu mwingine aweze kuikagua hesabu hatua kwa hatua. Programu za kisayansi hugawanywa vivyo hivyo hadi leo.

Akiwa muumini wa Quaker, dhehebu lenye wafuasi hata hapa Rwanda, alikataa kubeba silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kuanzia 1916 alihudumu nchini Ufaransa akiendesha gari la wagonjwa, huku akiendelea na hesabu zake. Mwaka 1917 mswada wake ulipotea vitani, ukapatikana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya rundo la makaa.

Jibu alilopata lilikuwa baya. Kwa siku ya 20 Mei 1910, hesabu ilionyesha mgandamizo wa hewa katika eneo moja la Ujerumani ukipanda kwa milibari 145 ndani ya saa 6, ilhali vipimo halisi havikubadilika sana. Richardson hakulificha. Mwaka 1922 alilichapisha kitabuni, pamoja na fomu na tarakimu zote.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa baadaye waliweza kulitambua kosa: vipimo vya mwanzo vya upepo na mgandamizo havikuwiana. Viliposawazishwa, njia ileile ilitoa jibu la kuaminika. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilifanikiwa kutabiri hali ya hewa, na Richardson alizipata habari hizo kabla ya kufariki tarehe 30 Septemba 1953.

Mwezi Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Katika nchi ya milima kama hii, kosa linalofichwa ndani ya programu ya utabiri laweza kugharimu maisha ya wakazi wa mabondeni; likiwekwa wazi, huweza kusahihishwa mapema.