Charles Quint, mfalme mwenye taya refu

Wachimbaji wa Potosi, kule Amerika ya Kusini, walianza kutoa feza mlimani mwaka 1545. Fungu moja kwa tano lilikuwa la mfalme aliyeishi Ulaya, ambaye hawakumuona hata siku moja. Sisi tunamuona kwenye picha zake: mdomo wazi, taya la chini limetangulia mbele.

Charles Quint alizaliwa Gand, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 24 Februari 1500. Kwa miaka 16 alipata Hispania, kwa miaka 19 wakamchagua kaisari. Lakini meno yake ya juu na ya chini hayakukutana. Kutafuna ilikuwa shida, maneno hayakutoka safi. Inasimuliwa kwamba kule Hispania mtu mmoja alimshauri afunge mdomo, ju nzi wa ile fasi hawana adabu. Akafuga ndevu. Alipenda kula peke yake, na alikula mingi, nyama na bia, mpaka jongo, ule ugonjwa wa viungo, ukamshika.

Watu wanaangalia taya la chini tu. Mwaka 2019 wanganga 10 wapasuaji walichunguza picha 66 za ukoo wake, Habsburg, wakaona kwamba taya la juu nalo lilibaki nyuma. Ndani ya mfupa huo, chini ya macho kando ya pua, mna vyumba vya hewa vinavyoitwa sinusi. Mfupa ukiwa mfupi, vyumba pia vinakuwa vidogo? Wanganga wanavipima kwa radio: wengine wanaona tofauti, wengine hapana. Vya Charles, picha ya rangi haiwezi kutuonyesha.

Ndoa ndizo zilizobeba lile taya. Ukoo ulioana wenyewe kwa wenyewe ju mali isitoke nje. Mwaka 1526 Charles alioa Isabelle wa Ureno, mtoto wa mama yake mdogo. Kwetu huyo ni dada, wazee wangekataa mahari! Taya likapita kwa watoto na wajukuu mpaka Charles II, aliyekufa mwaka 1700 bila mtoto.

Charles Quint mwenyewe aliacha ufalme pale Bruxelles mwaka 1555, akitembea kwa fimbo. Akaenda kukaa karibu na nyumba ya watawa ya Yuste, Hispania, pamoja na mtengenezaji wake wa bia. Alikufa huko tarehe 21 Septemba 1558. Malaria ndiyo ilimuua.