Paul Bomani na mizani ya pamba

Kwa mkulima wa pamba wa Usukuma, miaka ya 1940 hasara ilianzia kwenye mizani. Mnunuzi ndiye aliyepima, akasoma uzito na kulipa. Mkulima alipokea alichopewa.

Marehemu Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma mwaka 1925, aliijua kero hiyo. Mwaka 1947 alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Wakulima walipoanza kuweka mizani yao wenyewe ili wajue uzito kabla ya kuuza, yeye alikuwa miongoni mwa waliowaunganisha. Jambo dogo, lakini bila hilo nani angekubali kukabidhi pamba yake kwa chama?

Alisomea ushirika Uingereza. Mwaka 1955 vyama vya Kanda ya Ziwa vikaunda shirikisho la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu, likaja kumiliki hata viwanda vya kuchambua pamba.

Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Huku nyuma makato yaliongezeka, wakulima wakaanza kukilalamikia chama chao wenyewe, na mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ilivirudisha. Bomani alifariki dunia mwaka 2005.